Dakika 47 nilizozifuta kabla ya Mpika: uchambuzi wa kisa kimoja cha safari ya pikipiki na kamera ndogo

Kazi yangu ni kurekodi harusi. Nimeifanya Mbeya mjini kwa miaka tisa, na kwenye harusi kila mtu amejiandaa kuonekana: bibi harusi yuko saluni tangu alfajiri, mjomba kafua suti, hata watoto wa jirani wamepakwa mafuta. Ukimwelekezea mtu kamera anatabasamu, kwa sababu ndicho alichokuja kufanya. Nilipoamua kwenda Livingstone, kusini mwa Zambia, peke yangu kwa pikipiki, Juni 2023, nilidhani naijua kamera na kinachobaki ni kuijua barabara. Kumbe ni kinyume chake. Barabara ilinipokea vizuri, kamera ndiyo iliyonifundisha upya.

Vijana kadhaa wameniuliza wanunue kamera gani kwa safari ya kuvuka mpaka. Kila nikianza kuwajibu najikuta nimerudi kwenye alasiri moja kaskazini ya Zambia, kwa hiyo nimeona niieleze yote, na vifaa vyake, na makosa yangu. Jina la kijiji silitaji, na la mzee pia silitaji. Sababu itaonekana.

Vifaa nilivyobeba

Pikipiki ilikuwa Boxer ya cc 150, ileile ninayoendea kazini. Kutoka Mbeya hadi Livingstone ni kama kilometa 1,600 kwenda tu. Nilijipa siku 11 kwenda na kurudi. Nilikuwa na kamera moja ndogo ya kufunga kwenye helmeti, betri tatu, kadi nne za gigabaiti 128, laptop ndogo na diski ya nje ya kuhamishia kazi kila usiku. Kwa ubora niliouchagua, saa moja ya kurekodi ilikula kama gigabaiti 20, yaani kadi moja ilijaa kwa saa sita na ushee.

Kadi zote nilizijaribu nyumbani kwanza. Nilizijaza hadi mwisho, kisha nikafungua faili la mwisho kuona kama linacheza. Sokoni zipo kadi zilizoandikwa 128 ambazo ndani yake ni 16, na hazikwambii chochote mpaka umesharekodi siku nzima.

Kufunga kamera kwenye usukani nilijaribu nikaacha. Injini ya silinda moja inatikisa usukani mpaka picha inacheza kama maji kwenye ndoo. Simu ndiyo kabisa usiifunge pale: mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe ilitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini za pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zake, kwa sababu ndani mna lenzi inayoelea ili kutuliza picha. Nikaifunga kamera kwenye kidevu cha helmeti. Pale mwili wako wote unameza mtikisiko kabla haujafika kwenye lenzi, na mtazamaji anaona kwa kimo cha macho yako.

Sauti ndiyo iliyonitesa zaidi. Ukifika kilometa 70 kwa saa, maiki ya kamera inasikia upepo tu, ngurumo kama ya lori linalomwaga kokoto. Dawa niliyoipata ilikuwa maiki ndogo ya waya, ile ya kubana kwenye kola, nikaipitisha ndani ya helmeti karibu na shavu na kuifunika kipande cha sponji ya godoro nilichokikata kwa wembe. Sauti yangu ikatoka safi. Maiki hiyo iko humu kwa sababu nyingine pia: helmeti ukiivua na kuitundika mdomo wake ukiwa wazi, maiki ile inageuka sikio. Inasikia kila kitu kinachosemwa hatua tano kutoka hapo.

Jambo la mwisho, na dogo kuliko yote. Kamera ilikuwa inalia mlio mfupi kila inapoanza na kuacha kurekodi. Ndani ya helmeti mlio ule ulinikera, nikauzima. Ikabaki taa nyekundu tu, ndogo kama punje ya mtama, inayopepesa.

Mpakani, kwa kifupi

Tunduma hakuna cha kusimulia sana. Kabla sijafika kwenye foleni ya malori nilivua kamera nikaiweka begi la nguo, chini kabisa. Mpakani haporekodiwi, na hata kamera iliyozimwa ikiwa kichwani inamfanya askari akuulize maswali ambayo hayana haja. Pasipoti, kadi ya pikipiki, leseni, bima ya kadi ya njano ya COMESA, kibali cha kuingiza chombo kwa muda: karatasi zikiwa kamili unapita. Ukishaingia Nakonde, upande wa Zambia, rudisha saa nyuma kwa saa moja, na ya kamera pia. Mimi ya kamera niliisahau, nikaja kupoteza jioni nzima nikijiuliza kwa nini jua la kwenye klipu halilingani na maelezo ya daftari langu.

Alasiri yenyewe

Siku ya pili, baada ya Chinsali, nikiwa nimebakiza kama kilometa 40 kufika Mpika, cheni ilikatika. Ilikuwa imeshaanza kulia tangu asubuhi na nilijua, lakini nilikuwa na ratiba. Nilisukuma pikipiki mpaka kwenye magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara, yale yenye majani yaliyoshonwa mdomoni. Nyuma ya magunia kulikuwa na nyumba, na mbele ya nyumba mzee amekaa kwenye kigoda.

Nilimsalimia kwa Kibemba changu cha maneno matatu. Hakujibu salamu ile. Aliangalia namba ya pikipiki, akaona MC ya Tanzania, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka:

“Karibu, ndugu. Umetoka Mbeya ama Dar es Salaam?”

Ile “ndugu” aliitamka kama walivyoitamka wazee wetu wa miaka ya sabini. Alikuwa mtu wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Alianza kazi kijana kabisa, wakati reli inatandikwa kutoka mpakani kuja kusini. Reli ilifika Tunduma mwaka 1973 na Kapiri Mposhi mwaka 1975, na yeye alikuwa kwenye kundi moja na Watanzania na Wachina miaka ile yote. Baadaye akafanya kazi kwenye karakana ya Mpika mpaka alipostaafu. Kiswahili alikipata relini, na hakikumtoka.

Nilikuwa na kiungo cha akiba cha cheni. Kifaa cha kutolea pini iliyokatika ndicho sikuwa nacho. Mzee akamtuma mjukuu wake, mvulana wa miaka kama kumi na mbili, akaleta msumari mnene, nyundo, na kipande cha reli chenye urefu wa kiganja. Kipande kile ndicho kilikuwa fuawe lake. Uso wake wa juu uling'aa kama sarafu, kwa sababu ya miaka ya kugongewa. Alilaza cheni juu yake, mjukuu akashika msumari kwa koleo na kumwelekeza, maana mzee macho ya karibu hayakuwa yakiona vizuri. “Kushoto kidogo, bashikulu,” yaani babu. Mzee akainua nyundo na kuhesabu, “Yi, er, san,” na kwenye “san” akagonga. Ndivyo walivyokuwa wakihesabu na Wachina wakati wa kunyanyua reli, ili mikono yote inyanyue kwa pamoja na asiumie mtu. Miaka hamsini baadaye nyundo yake bado ilikuwa haishuki bila kuhesabiwa.

Kazi ilichukua muda. Pini ilikuwa imepinda, na ilibidi atoe pingili mbili. Katikati ya kazi mzee akaanza kuzungumza juu ya mwanawe. Hakuniambia kama mtu anayeanza hadithi. Alisema sentensi moja, akahesabu, akagonga. Akanyamaza. Akaomba maji. Akasema nyingine. Mjukuu aliinamisha kichwa, kwa hiyo nikajua ni habari inayomhusu na yeye pia. Alichosema sikiandiki hapa.

Cheni ilipounga nilizungusha gurudumu kwa mkono, likaenda. Nikainuka kwenda kuchukua pesa begini nimpe. Hapo ndipo mzee alipoiona helmeti yangu, niliyokuwa nimeitundika kwenye usukani, uso wake ukimtazama yeye.

“Hicho kinachopepesa ni kitu gani?”

Nilijisikia vibaya mpaka masikio yakapata moto. Kamera ilikuwa inarekodi tangu cheni ilipokatika. Dakika 47. Hakukuwa na mlio wa kunikumbusha kuizima, kwa sababu mlio niliuua mwenyewe.

Nilimweleza ukweli wote. Aliomba kuona. Tulikaa naye chini, nikachezesha kwenye kioo cha nyuma cha kamera, kidogo kama kisanduku cha kiberiti. Alikisogeza karibu na uso, akakisogeza mbali. Alipoona haoni, akakiweka sikioni. Akasikiliza hivyohivyo, kamera sikioni kama simu, muda mrefu. Nyundo yake ilisikika, na sauti yake ikihesabu, na alitabasamu. Kisha tabasamu likaondoka.

Akanirudishia kamera. “Ya kazi kaa nayo. Ya mwanangu nifutie.”

Mahali palipokuwa na ugumu

Kwa maneno ombi lile ni jepesi. Kwenye kadi halikuwa jepesi. Kamera yangu haiandiki klipu ndefu kama faili moja. Inaikata kila inapofika gigabaiti 4, kwa hiyo dakika 47 zilikuwa faili nne za dakika kumi na mbili hivi. Kama mzee angezungumza habari ya mwanawe mara moja na kumaliza, ningefuta faili moja na kubakiza tatu. Hakuzungumza hivyo. Alikuwa akiirudia, kidogo kidogo, katikati ya nyundo na maji na pini. Katika kila faili kati ya zile nne kulikuwa na mwanawe.

Njia nilizoziona wakati ule zilikuwa mbili. Ya kwanza, kumwahidi kwamba nitakata vipande vile nikifika Lusaka, nikae kwenye laptop na kutoa neno kwa neno. Angekubali, nina hakika, kwa sababu alikuwa ameshaniamini na cheni na hadithi. Lakini ili nikate ningelazimika kuisikiliza upya habari nzima, mara tatu au nne kama tunavyofanya tukihariri, nikiwa peke yangu chumbani, mahali ambapo yeye hawezi kuniambia acha. Aliniomba nisiwe nayo. Kuibeba kilometa mia sita ili niiondoe ni kuwa nayo.

Njia ya pili ilikuwa kufuta zote nne pale pale. Nilifanya hivyo. Nilimwonyesha kioo, nikabonyeza, mjukuu akamsomea kilichoandikwa. Akasema “Natotela,” yaani asante kwa Kibemba, mara ya kwanza tangu nifike kwamba anizungumzishe kwa lugha yake.

Kulikuwa na njia ya tatu, na hii ndiyo inayonifanya nikichambue kisa hiki badala ya kujisifu nacho. Jua lilikuwa linazama, na mzee aliniambia nilale pale kwake. “Barabara hii usiku ina malori na ng'ombe, kijana.” Nilimshukuru nikakataa, kwa sababu nilishapanga kulala Mpika. Ningelala, asubuhi tungekaa wote watatu, tukafungua laptop yangu, na yeye mwenyewe angesema hapa kata, hapa acha. Sauti ya nyundo ile, kuhesabu kule kwa Kichina juu ya kipande cha reli, ingekuwepo mpaka leo kwa ridhaa yake kamili. Alishaniruhusu sehemu ile. Niliipoteza kwa sababu ya ratiba niliyojiandikia mwenyewe, ambayo hakuna mtu hata mmoja Mpika aliyekuwa akiisubiri.

Kwa hiyo hukumu yangu juu yangu ni hii. Kufuta kulikuwa sahihi kwa nafasi niliyokuwa nimebaki nayo. Nafasi yenyewe niliibana mimi.

Watu wa sheria wanaweza kuongeza lao. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Zambia wana yao ya mwaka 2021, na sura na sauti ya mtu ni taarifa zake. Mzee hakunitajia sheria yoyote. Aliomba kama mwenye mali.

Usiku wa Mpika

Nilifika Mpika gizani, taratibu sana. Gesti nilipewa chumba chenye meza. Nikatoa kadi, nikaiweka mezani, na nikajua kwamba kazi haijaisha.

Kubonyeza futa kwenye kamera hakufuti picha. Kamera inachofanya ni kung'oa ukurasa wa yaliyomo na kuandika kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Kurasa zenyewe za kitabu zinabaki zilivyo, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Zipo programu za kuzisoma tena, na mimi ninayo kwenye laptop kwa sababu ya kazi. Nimewahi kumrudishia mwenzangu harusi nzima, tangu kanisani mpaka keki, kutoka kwenye kadi aliyoifuta kwa bahati mbaya. Ilichukua dakika ishirini.

Niliwasha laptop. Niliingiza kadi. Nilikuwa na sababu nzuri kabisa kichwani: nitachukua sauti ya nyundo tu, alishaniruhusu ya kazi, hayo mengine sitayasikiliza. Kila aliyewahi kuhariri anajua kwamba huwezi kuchukua sauti ya nyundo bila kusikia kinachofuata baada yake. Nilizima laptop, nikalala vibaya.

Asubuhi nilifanya kitu ambacho sijawahi kukisoma popote. Niliirudisha kadi ile kwenye kamera, nikaiandaa upya kama kadi tupu, nikabonyeza kurekodi kwenye lango la gesti, na nikaapa sitaiacha mpaka ijae. Kutoka Mpika kwenda Kapiri Mposhi ni kama kilometa 440. Nilirekodi lami. Serenje nilibadilisha betri nikaendelea kurekodi lami. Nikinywa chai, kamera ilikuwa juu ya siti ikirekodi ukuta wa duka. Barabara inakwenda upande mmoja na reli, inaikaribia na kuiacha, na kila nilipoona tuta lake kati ya miti ya miombo nilijua kwamba watu walinyanyua vyuma vile kwa kuhesabu hadi tatu. Jioni, nikiwa naingia Kapiri Mposhi, mahali reli inapoishia baada ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam, kioo kiliandika kwamba kadi imejaa.

Saa sita na ushee. Hakuna klipu isiyo na maana kwa mtazamaji kama ile, na ndiyo pekee ya safari ya kwenda ambayo sijaihamisha wala kuifuta. Kadi iko kwenye kibahasha ndani ya droo yangu.

Dakika moja kwa siku

Kapiri nilikaa kitandani nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya safari.

Mmarekani mmoja, Robert Edison Fulton Mdogo, aliondoka London mwaka 1932 kwa pikipiki ya Kiingereza aina ya Douglas, peke yake, akiwa na kamera ya filamu. Alipita nchi 22 na kufika New York mkesha wa Krismasi wa 1933. Alirekodi futi 40,000 za filamu ya milimita 35. Ukisikia futi 40,000 unadhani ni nyingi. Futi moja ya filamu ile ina picha 16, kwa hiyo kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde futi zote zinatoa kama saa saba na nusu. Gawa kwa miezi 17 aliyokuwa njiani. Haifiki dakika moja kwa siku.

Mimi kwa siku tatu tu nilikuwa nimeshapita saa kumi na mbili. Yule bwana kila alipoizungusha kamera alikuwa anatumia kitu kinachokwisha, kwa hiyo alilazimika kuamua: hiki ndiyo, kile hapana. Alipaswa kusimama, kushuka, kuitoa kamera. Anayerekodiwa alimwona akiitoa. Kamera yangu haikunilazimisha kuamua chochote, na kwa kuwa sikuamua, iliamua yenyewe, ikaingia mpaka kwenye habari ya mtoto wa mtu.

Napenda kamera ya helmeti na sisemi itupwe. Kwa kona za milima, kwa mvua inayokuja mbele yako kama pazia, kwa ushahidi lori likikusukuma nje ya barabara, hakuna kifaa kinachoishinda. Ila ni kifaa cha barabara. Tangu Kapiri nilijiwekea dakika moja kwa siku, kamera ikiwa mkononi, helmeti kichwani haina kitu. Mlio niliuwasha tena, kwa sauti ya juu kabisa. Na kwenye daftari, pembeni ya jina la kila klipu, nikaongeza safu ya ruhusa: nani, nilimwomba kwa lugha gani, alisema nini. Kama safu ile ni tupu, klipu haiingii kwenye diski.

Lusaka, Kafue, Mazabuka, Choma, nilizipita hivyo. Kazi ilikuwa ngumu zaidi, na nilichoka kwa namna nyingine, kwa sababu kuchagua dakika moja kunakufanya uangalie siku nzima. Livingstone kwenyewe nilikaa siku moja. Wenyeji wanayaita maporomoko ya Victoria Mosi-oa-Tunya, moshi unaovuma, na Mswahili akisikia “mosi” hahitaji mkalimani. Maji yanashuka mita 108, na rasha yake inapanda na kukunyeshea kutoka chini. Kioo cha kamera kilijaa matone, nikafuta, kikajaa. Dakika yangu ya siku ile niliitumia kurekodi watoto wa shule waliokuja ziara, wakipiga kelele ndani ya moshi, mwalimu wao akiwa amenipa ruhusa na yeye mwenyewe akipiga kelele kuliko wao.

Kurudi

Sokoni Lusaka nilinunua miwani ya kusomea. Sikujua kipimo, nikachukua mbili, moja hafifu na moja kali.

Siku ya tisa nilifika kwenye magunia ya mkaa saa nne asubuhi, nikiwa na siku nzima mbele yangu. Kamera ilikuwa begini. Mzee alinitambua kwa mlio wa pikipiki. Alisema cheni inalia vizuri. Alijaribu miwani, akachagua ile kali, akaangalia mikono yake pande zote mbili, kisha akamwita mjukuu amwangalie uso.

Tulikula nshima, ugali wa kwao, na kapenta, dagaa wao. Nililala pale, usiku uleule niliokuwa nimemnyima mara ya kwanza. Hatukuizungumzia kamera mpaka asubuhi, na aliyeanza ni yeye.

“Hukuja na kile kinachopepesa?”

Nikamwambia kipo, nikamuuliza kama angependa nirekodi nyundo, nyundo tu. Akafikiri. Akasema atagonga mara tatu, basi. Akaenda mwenyewe kuleta kipande cha reli, akakifuta vumbi kwa kiganja, akavaa miwani. Akaniuliza taa iko wapi, nikamwonyesha. Akaniuliza itakapozima atajuaje, nikamsikilizisha mlio.

Alihesabu na kugonga, mara tatu. Kamera ikalia. Sekunde 52, pamoja na kimya cha mwanzo alipokuwa akitafuta mahali pa kuweka mguu. Tulimchezeshea pale pale, akaona kwa miwani, akasema irushwe kwenye simu ya mjukuu na ionyeshwe kwa Watanzania, wajue kwamba bado tupo.

Video niliyoitengeneza ina dakika 14. Kutoka kwenye helmeti zimo kama tatu, zote za barabara. Zilizobaki ni zile dakika moja moja, na mzee yuko katikati, kabla ya Mpika, mahali pake kwenye ramani. Niliwatumia yote kwa simu ya mvulana kabla sijaionyesha kwa mtu mwingine, nikaandika kwamba nasubiri waseme.

Jibu lilichukua siku nne, nadhani walikuwa wanasubiri bando. Lilikuwa sauti, sekunde sita. Mvulana anasema, “Bashikulu anasema ndiyo.” Nyuma yake mzee anahesabu, na kwenye “san” kuna mlio wa chuma.